Safari ya Komoro: mambo ambayo Mkongomani anapaswa kujua kabla ya kununua tiketi

Mashabiki wengi wa mpira mashariki mwa Kongo waliisikia Komoro kwa mara ya kwanza Januari 2022, wakati timu ya inchi hiyo ndogo ilipoifunga Ghana 3-2 na kuiondoa kwenye CAN kule Kamerun. Siku hizi jina hilo linatajwa katika miji ya Kivu kwa sababu nyingine. Wafanya biashara wanaofuata bidhaa Dar es Salaam wanakutana huko na Wakomoro na kualikwa kwao. Kuna vijana wanaoenda kutembea, kuna wanaofuata ndugu. Na kuna wale ambao wapitishaji wanawaambia kwamba Komoro ni mlango mwepesi wa kufika Mayotte, na kwamba Mayotte ni Ulaya.

Safari ya kwanza ni ya kawaida kabisa, na mtu mwenye hati zake anaifanya bila shida. Ya pili imeshaua watu wengi. Tatizo ni kwamba zote mbili zinaanza kwa namna moja: pasipoti, tiketi ya ndege na viza ya siku chache. Ndiyo maana inafaa familia ijue mapema Komoro ni inchi gani, inaingiwa vipi, na msafiri anasimamia wapi.

Visiwa vitatu, na cha nne chenye mgogoro

Umoja wa Komoro uko katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Una visiwa vitatu. Ngazidja, ambacho Wafaransa wanakiita Grande Comore, ndicho kikubwa, na ndipo ulipo mji mkuu, Moroni. Nzwani, au Anjouan, ni kisiwa cha milima na watu wengi waliobanana; mji wake mkubwa ni Mutsamudu. Mwali, au Mohéli, ni kidogo kuliko vyote, hata kuliko kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu.

Kisiwa cha nne cha jirani, Maore, ndicho Mayotte. Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na tangu mwaka 2011 ni jimbo kamili la Ufaransa. Serikali ya Moroni inaendelea kusema kwamba kisiwa hicho ni chake. Kwa msafiri, jambo la maana ni hili: viza ya Komoro haimpi mtu ruhusa yoyote ya kuingia Mayotte.

Njia ya kufika

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, na ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, ukafungwa mwezi uliofuata. Kwa hiyo msafiri wa Kivu anahesabu safari yake kutoka nje ya mipaka: Kigali kwa wale wa Goma na Bukavu, Entebbe kwa wale wa Beni na Butembo wanaopitia Kasindi. Wakaaji wa Lubumbashi wana ndege za moja kwa moja za Addis Ababa na Nairobi.

Kutoka hapo, njia kuu za kufika Moroni ni tatu: Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, Kenya Airways kupitia Nairobi, na Air Tanzania kupitia Dar es Salaam. Dar es Salaam ndiyo iliyo karibu zaidi; ndege inatumia kama saa moja na nusu hivi angani. Lakini ndege hizi haziendi kila siku, na ratiba inabadilika mara nyingi. Kabla ya kulipa, inafaa kuuliza siku halisi za ndege, kwa sababu mtu akikosa moja anaweza kulala Dar es Salaam au Nairobi siku kadhaa kwa feza yake mwenyewe.

Ndege inatua Hahaya, karibu kilometa 20 kaskazini mwa Moroni. Taksi za kuingia mjini zinasubiri nje. Bei inaulizwa kabla ya kupanda, sawasawa na Bukavu au Bujumbura.

Wakati mbaya wa kununua tiketi ni Julai na Agosti. Ndiyo miezi ambayo Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, wanarudi nyumbani kwa ajili ya ndoa kubwa ya desturi inayoitwa anda. Ndege zinajaa, bei zinapanda, na vyumba vinakuwa shida. Wakati huohuo ni miezi mizuri kwa hali ya hewa: kuanzia Mei hadi Oktoba kunakuwa na baridi kidogo na mvua chache. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni joto, mvua nyingi na hatari ya tufani. Tufani Kenneth ilipiga Ngazidja Aprili 2019, na Chido ikaivunja Mayotte tarehe 14 Desemba 2024. Mtu anayetaka bei ya kadiri na bahari tulivu anaweza kuchagua Mei, Juni, Septemba au Oktoba.

Hati na viza

Kwa miaka mingi Komoro imekuwa ikitoa viza uwanjani kwa wageni wa inchi zote, na bei iliyozoeleka ni euro 30 kwa siku 45. Sheria za namna hii zinaweza kubadilika bila kelele, kwa hiyo kampuni ya ndege inapaswa kuulizwa kabla ya kununua tiketi. Ndiyo itakayomkatalia msafiri kupanda kama kuna kasoro.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele, tiketi ya kurudi iwepo, na anwani ya hoteli au ya mwenyeji iandikwe kwenye karatasi. Mtu asiye na tiketi ya kurudi atasumbuliwa mara mbili: pale anapopanda na pale anaposhuka.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile kila mtu Kongo anaiita carte jaune, ni lazima. Kongo iko kwenye orodha ya inchi zenye ugonjwa huo, na Kenya na Tanzania zinaidai kwa abiria wanaotoka huko. Kadi ya kununuliwa bila sindano ni hasara mbili, kwa sababu mtu anaweza kurudishwa, na hata akipita, mwili wake hauna kinga.

Kuhusu viza za njiani, Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023. Hata hivyo, mtu anayetaka kutoka nje ya uwanja na kulala mjini kati ya ndege mbili anapaswa kuhakikisha masharti ya inchi anayopitia, iwe Kenya, Tanzania, Rwanda, Uganda au Ethiopia. Mama au baba anayesafiri peke yake na mtoto awe na ruhusa iliyosainiwa na mzazi mwenzake na kupigwa muhuri.

Feza: acha dolari, beba euro

Mkongomani amezoea kulipa kwa dolari. Komoro haiko hivyo. Inatumia franga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa na euro: euro 1 ni sawa na franga 492 hivi. Kwa kuwa kiwango hakichezi, euro ndiyo feza ya kigeni inayopokelewa kwa urahisi. Mwenye dolari anaweza kubadilisha benki, lakini anapoteza kidogo, na noti zilizozeeka zinaweza kukataliwa kama zinavyokataliwa Goma.

Kadi za benki zinafanya kazi mahali pachache, hasa Moroni, na mashine za kutolea feza hazitegemewi. Mwali na vijijini, mtu bila feza mkononi amekwama. Franga ya Komoro haina soko nje ya visiwa, kwa hiyo ni vizuri kubadilisha kidogo kidogo, na kumaliza ile iliyobaki kabla ya kurudi Hahaya.

Kwa simu, kuna makampuni mawili: Huri, ya Comores Télécom, na Yas, iliyokuwa ikiitwa Telma. Namba za inchi zinaanza na +269. Soketi za umeme ni za namna ileile ya Kongo, na umeme unakatika vilevile, kwa hiyo betri ya akiba ya simu ni kitu cha kwanza kuweka kwenye begi. Saa ya Komoro iko mbele ya saa ya Goma, Bukavu na Lubumbashi kwa saa moja.

Lugha ya karibu, salamu tofauti

Wakomoro wanasema Shikomori, lugha ya ukoo mmoja na Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili anashika neno hapa na neno pale, lakini hataelewa kila kitu siku ya kwanza. Salamu ya kawaida Ngazidja ni "Jeje", na jibu ni "Ndjema". "Ewa" ni ndiyo. Neno la kumchanganya mgeni ni "marahaba": kwa Kiswahili ni jibu la shikamoo, lakini kwa Komoro ni asante.

Wakomoro wengi waliosoma au kufanya biashara Dar es Salaam na Zanzibar wanajua Kiswahili, na Kifaransa ni lugha ya kazi za serikali pamoja na Kiarabu. Kwa hiyo Mkongomani wa mashariki ana lugha mbili za kujitetea. Watalii wengi wa Ulaya hawana bahati hiyo.

Heshima inadai uangalifu zaidi kuliko lugha. Karibu wakaaji wote ni Waislamu wa Suni. Mavazi yanafunika mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake; nguo za kuogelea zinabaki ufukweni mwa hoteli. Pombe inapatikana katika hoteli na mikahawa michache, na si ya kunywea barabarani. Ijumaa mchana maduka na maofisi yanafungwa kwa ajili ya sala. Katika mwezi wa Ramadani, kula, kunywa au kuvuta sigara mbele ya watu mchana kunaweza kumfikisha mtu polisi, hata kama si Mwislamu.

Hapa wasafiri wa Kivu wawe makini kwa namna ya pekee. Kuna kanisa Katoliki Moroni na Mutsamudu, na la Kiprotestanti Moroni, na wageni wanasali humo bila kusumbuliwa. Lakini kuhubiri dini nyingine kwa wenyeji kumekatazwa na sheria. Kugawa vikaratasi, kuombea watu sokoni au kuingia nyumba kwa nyumba na Biblia, mambo ya kila siku Bukavu au Bunia, huko yanaweza kumpeleka mtu gerezani.

Mezani hakuna ugeni mkubwa. Mataba ni majani ya muhogo yaliyopondwa na kupikwa na nazi. Mtu wa sombe atajiona nyumbani. Kuna samaki wa kila namna, wali, ndizi, na mkatra futra, mkate wa kukaangwa kwenye kikaango. Kamba wakubwa waliopikwa na vanila ni chakula cha hoteli na bei yake ni ya hoteli. Vanila, karafuu na mafuta ya ua la ilangilangi ndivyo vitu ambavyo inchi inauza nje, na soko la Volo-Volo la Moroni ni mahali pazuri pa kuvinunua.

Maji, afya na volkano

Ngazidja ni kisiwa cha volkano, na hakina mito. Mvua inazama katika mawe, na familia nyingi zinaishi kwa maji ya mvua yaliyowekwa ndani ya visima vya saruji. Mgeni anywe maji ya chupa au yaliyochemshwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kiliingia Komoro kwa boti iliyotoka Tanzania, na kabla ya kuisha kiliua zaidi ya watu 100, wengi wao Nzwani.

Malaria imepungua sana ikilinganishwa na zamani, kwa kampeni za kuwapa watu wote dawa zilizoanza Mwali mwaka 2007 kwa msaada wa China, lakini haijaisha. Chandarua na dawa za kujikinga bado vinahitajika. Hospitali kubwa ni El-Maarouf, Moroni; visiwani kwingine huduma ni ndogo, na wagonjwa mahututi wenye uwezo wanasafirishwa nje. Mwenye ugonjwa wa sukari, presha au pumu abebe dawa za safari nzima, pamoja na karatasi ya muganga.

Wakaaji wa Goma wataielewa Karthala haraka. Ni volkano yenye urefu wa mita 2,361, nayo iko hai. Mwaka 2005 majivu yake yaliharibu maji ya visima katika vijiji vingi, na mlipuko wa mwisho ulitokea 2007. Watu wanapanda hadi kwenye kaldera yake kwa mguu. Ni safari ya siku moja ngumu au mbili, pamoja na kiongozi wa njia, maji ya kutosha na koti la baridi.

Cha kuona, na namna ya kuvuka

Moroni ina mji wa kale wenye vichochoro vyembamba, na Msikiti wa Ijumaa mweupe ulio kando ya bandari ya mashua. Mutsamudu ina mji wake wa kale wa mawe na ngome juu ya kilima. Nzwani na Mwali wanaishi popo wakubwa wa Livingstone, ambao hawapo mahali pengine duniani. Lakini anayetafuta utulivu anakwenda Mwali. Hifadhi yake ya bahari iliundwa mwaka 2001, na mwaka 2020 kisiwa kizima kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za uhai. Katika kijiji cha Itsamia kasa wa kijani wanatoka baharini usiku kutaga mayai. Wenyeji ndio wanaoongoza wageni, bila taa kali wala kelele.

Kuvuka kati ya visiwa ndiko kugumu. Kuna ndege ndogo, ambazo zinachelewa au kufutwa. Moja ilianguka karibu na Mwali Februari 2022 ikiwa na watu 14. Kuna pia boti, kama zile za kutoka Chindini, kusini mwa Ngazidja, hadi Hoani upande wa Mwali. Yeyote aliyewahi kupanda boti ziwa Kivu au Tanganyika anajua maswali ya kuuliza: watu ni wangapi, jaketi za kuokoa maisha ziko wapi, upepo uko namna gani. Kama majibu hayapo, mtu asubiri kesho. Na asipange kuvuka siku moja kabla ya ndege yake ya kurudi.

Kilometa 70 zinazoua

Kati ya Nzwani na Mayotte kuna kilometa 70 hivi za bahari. Boti ndogo za uvuvi zinazovusha watu usiku zinaitwa kwassa-kwassa. Jina hilo, kama wengi wanavyoeleza, limetoka kwenye mchezo wa Kikongo uliotamba miaka ya 1980, kwa sababu boti inayumba kama kiuno cha mchezaji.

Tangu Januari 1995, Ufaransa ilipoanza kudai viza kwa Wakomoro, njia hiyo imekuwa kaburi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikuwa wamekufa humo. Mwanzoni walikuwa karibu wote Wakomoro. Miaka ya karibuni wameongezeka watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Mwanzoni mwa Novemba 2024, shirika la kimataifa la uhamiaji, OIM, lilitangaza kwamba watu wasiopungua 25 walikufa kati ya Nzwani na Mayotte baada ya wapitishaji wenyewe kuipindua boti yao makusudi.

Wanaofika hawakuti kile walichoahidiwa. Huko Mamoudzou, mamia ya waomba hifadhi kutoka Maziwa Makuu na Somalia waliishi katika vibanda vya turubai kuzunguka uwanja wa mpira wa Cavani, hadi kambi hiyo ilipovunjwa mwanzoni mwa 2024. Mwomba hifadhi wa Mayotte hapati posho ambayo mwenzake wa Paris anapata. Anapewa bonu za chakula tu. Karatasi ya ukaaji inayotolewa huko, kwa asiyetambuliwa kama mkimbizi, kwa kawaida haimruhusu kupanda ndege kwenda Paris. Na Ufaransa inawafukuza zaidi ya watu 20,000 kutoka kisiwa hicho kila mwaka.

Upande wa Komoro nako hakuna pa kukimbilia. Inchi hiyo haimo katika Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi. Mkongomani ambaye viza yake imeisha, feza imeisha na mpitishaji amezima simu, huko ni mgeni asiye na hati, hata kama vita ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Kwa hiyo familia inayoombwa kuuza kiwanja au ng'ombe kwa ajili ya "safari ya Komoro" ina maswali machache ya kuuliza. Tiketi ya kurudi iko wapi, na ni ya tarehe gani? Atalala hoteli gani Moroni, au kwa nani? Kwa nini sehemu ya malipo inasubiri "akifika Nzwani"? Kwa nini anaambiwa asimwambie mtu? Safari ya kutembea au ya biashara ina majibu ya maswali hayo yote kwa karatasi. Ile nyingine haina.

Wiki moja kabla ya kuondoka

Msafiri wa halali awe na pasipoti, kadi ya manjano, tiketi ya kwenda na kurudi, anwani ya Moroni, euro za viza zilizotengwa kando, euro za matumizi, chandarua, dawa zake na betri ya simu. Apige simu kwa kampuni ya ndege kuhakikisha siku na masharti ya viza. Aache nyumbani nakala ya pasipoti na ya tiketi, namba ya mwenyeji wake, na namba ya ubalozi wa Kongo ulioko Dar es Salaam. Na akubaliane na familia siku ya kupiga simu, ili wakiona siku imepita kimya wajue pa kuanzia kuuliza.